Damu ya kujifungulia hutafutwa kliniki, si usiku wa leba

Mpimadamu Mstaafu (mwanzisha uzi):

Ndugu wanajukwaa, nilifanya kazi ya maabara kwa miaka 31, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo niliimalizia katika chumba cha damu cha hospitali moja ya wilaya, Kanda ya Ziwa, ambayo sitaitaja. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha dogo linalotazama korido ya wodi ya wazazi, na dirisha hilo liligongwa usiku zaidi kuliko mchana. Aliyegonga kwa kawaida alikuwa mume, shemeji au mama mkwe, ameshika karatasi ya maombi iliyoandikwa kwa haraka pamoja na kichupa cha sampuli ambacho bado kina joto la mwili, na swali lake la kwanza halikubadilika hata siku moja: "Damu ipo?"

Nimeulizwa swali hilo mara nisizoweza kuzihesabu, na nimebaki na neno moja la kuwaambia. Mara nyingi jibu lake lilikuwa limekwisha kuandikwa miezi minne au mitano nyuma, kwenye kadi ya kliniki, katika kile kisanduku cha wingi wa damu ambacho wajawazito wengi, na waume zao zaidi, hawakitazami.

Kwa mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa ana upungufu wa damu pale himoglobini, yaani hicho kipimo cha wingi wa damu, inapokuwa chini ya gramu 11 kwa desilita. Katika miezi mitatu ya katikati kiwango hicho hushuka kidogo hadi 10.5. Ikiwa chini ya 7, huo ni upungufu mkali. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16, wajawazito 57 kati ya kila 100 waliopimwa Tanzania walikuwa na upungufu, kwa hiyo anayeambiwa kliniki kwamba damu yake iko chini asijione amelaaniwa peke yake.

Sehemu ya kushuka huko ni ya kawaida. Mwili wa mjamzito huongeza majimaji ya damu kwa karibu nusu ya kiasi alichokuwa nacho, ilhali chembe nyekundu zenyewe huongezeka kwa robo hivi tu, na kwa hiyo damu hupungua uzito kama mchuzi ulioongezwa maji kwa ajili ya wageni. Tatizo huanza pale ambapo chembe zenyewe hazitengenezwi vya kutosha. Ujauzito mmoja hudai takriban gramu 1 ya madini ya chuma, ukijumlisha ya mtoto, ya kondo la nyuma na ya damu inayopotea siku ya kujifungua, na mwanamke aliyezaa mwaka juzi, akanyonyesha, kisha akashika mimba tena, huingia katika deni hilo akiwa hana akiba.

Kwetu kuna na wezi wengine. Malaria huvunja chembe nyekundu, na wakati mwingine vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma bila mama kupata homa yoyote. Kichocho nacho kipo kwa tunaoishi kandokando ya ziwa. Minyoo ya safura hung'ata utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo kila siku. Wazee wetu walilitumia neno safura kwa maradhi yale ya kupauka na kuishiwa nguvu kabla ya yeyote kati yao kumwona mnyoo mwenyewe kwenye darubini, nami hulitaja kila mtu anapodai kwamba upungufu wa damu ni maradhi ya kuletewa na hospitali. Wapo pia wenye selimundu na wenye virusi vya UKIMWI, ambao mpango wao wa matibabu ni tofauti na lazima upangwe na daktari.

Sasa chukueni wanawake wawili wanaojifungua usiku mmoja, kila mmoja akapoteza lita moja ya damu. Mwenye himoglobini ya 12 atapata kizunguzungu, atawekewa maji ya mshipani, na pengine kesho atakaa kitandani akinywa uji. Mwenye 6.5 anaweza kufa kwa lita ileile. Utafiti uliofanyika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistani kwa wanawake zaidi ya 15,000 wenye upungufu wa wastani au mkali ulionyesha kwamba wale wa upungufu mkali walikuwa katika hatari ya kufa au kuponea chupuchupu kwa takriban mara 7 ya wenzao. Mimba inapokomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Kulinganisha chupa moja ya damu na damu ya mgonjwa kunachukua dakika 45 hadi saa nzima. Pigeni hesabu wenyewe.

Karibuni kwa maswali.

Seremala wa Geita:

Shikamoo mzee. Mke wangu ana ujauzito wa wiki 27, na juzi kliniki walimpima wakakuta wingi wa damu ni 7.8. Wamempa vidonge vya FEFO, vile vya chuma na asidi ya foliki, viwili kwa siku, wakamwambia arudi baada ya wiki nne. Mimi nilitegemea angelazwa na kuongezewa damu siku hiyohiyo. Mama mkwe anasema tumedharauliwa kwa kuwa hatukutoa chochote, naye sasa anamnywesha juisi ya rozela asubuhi na jioni. Naomba unieleze kama tumedharauliwa kweli au kuna sababu.

Mpimadamu Mstaafu:

Marahaba, mwanangu. Hamkudharauliwa.

Damu ya mtu mwingine ni dawa yenye hatari zake. Hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina B na C, na kaswende, lakini hakuna kipimo kinachokamata maambukizi yaliyoingia mwilini mwa mchangiaji jana. Mwili wa mama unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya chembe za kigeni, zikaja kumsumbua mtoto wa mimba ijayo. Zaidi ya hayo, moyo wa mtu aliyeishiwa damu kwa miezi mingi umekwisha kuzoea kusukuma kwa nguvu, na ukiumiminia chupa mbili kwa pupa, maji hujaa mapafuni na mgonjwa anakufa akiwa anatibiwa. Ndiyo maana anayeongezewa kwa sababu hiyo hupewa chembe zilizotenganishwa na majimaji, polepole, mara nyingi pamoja na dawa ya kukojosha.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu matumizi ya damu unatazama mambo matatu kwa pamoja: namba, umri wa mimba, na hali ya mgonjwa mwenyewe. Kabla ya wiki 36, huongezewa mwenye 5 au chini hata kama anatembea vizuri, na mwenye kati ya 5 na 7 ikiwa moyo unaanza kushindwa, au ana malaria, nimonia au maambukizi mengine makali. Kuanzia wiki ya 36 viwango hupanda, yaani 6 au chini kwa asiye na dalili, na kati ya 6 na 8 kwa mwenye hali hizo, kwa kuwa siku ya kujifungua imekaribia na vidonge havina tena muda wa kufanya kazi. Mkeo ana 7.8 katika wiki ya 27. Muda anao, na muda ndio dawa yake kuu. Lakini akianza kuhema akiwa ameketi, moyo ukimwenda mbio usiku, au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, msisubiri hizo wiki nne. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Kuhusu vidonge, viwili vyenye miligramu 60 za chuma kila kimoja vinafanya 120 kwa siku, na hicho ndicho kipimo cha kutibu. Asiyekuwa na upungufu hupewa kimoja, pamoja na asidi ya foliki ya mikrogramu 400. Vikifanya kazi, himoglobini hupanda kwa karibu gramu 1 katika wiki mbili hadi tatu. Lakini vinafanya kazi tumboni mwa mtu, si kwenye mkoba. Nimewahi kumwona mama aliyekuja na 5.2 akiwa na pakiti tano nzima, zimefungwa kwa utepe vizuri, akaniambia aliziacha kwa sababu choo kilikuwa cheusi akadhani anatokwa na damu ndani. Choo cheusi ni masalia ya chuma chenyewe. Kichefuchefu hupungua akimeza baada ya chakula cha usiku kabla ya kulala, na kukosa choo hupungua kwa maji mengi na mapapai.

Chai ndiyo adui asiyeshukiwa, kwa kuwa rangi yake hushika madini ya chuma tumboni na kuyazuia kuingia mwilini, na kahawa ni vilevile. Ameze kidonge kwa maji au kwa juisi ya chungwa, na chai ikae mbali kwa saa moja au mbili. Kama anakula udongo au vile vijiwe vya sokoni, na wengi wanakula kwa siri, mwulize kwa upole, kwa sababu udongo nao hunasa chuma, na hamu yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu.

Rozela haina ubaya wa kugombana na mama mkwe. Uchachu wake una vitamini C. Ila wekundu wake si damu, na mtu hawezi kutoka 7.8 kwa rangi. Dagaa, nyama, maharage na mchicha uliokamuliwa ndimu vitasaidia zaidi kuliko hiyo juisi, na bado vyote hivyo ni wasaidizi wa kidonge.

Mwisho, mwulize kama amepata dawa ya minyoo, ambayo hutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo, na zile dozi za SP za kuzuia malaria, ambazo huanza kipindi cha pili cha ujauzito na kurudiwa kwa nafasi ya angalau mwezi mmoja, ili zifike tatu au zaidi. Msinunue wenyewe dukani asidi ya foliki ya miligramu 5, kwa maana dozi hiyo kubwa huua nguvu ya SP.

Mkunga wa Bukombe:

Mzee amesema ya dirishani kwake, nami naomba kuongeza ya kitandani. Damu bora ya kumwongezea mzazi ni ile ambayo haikumtoka. Mtoto akishatoka tu, ndani ya dakika moja tunamchoma mama uniti 10 za oksitosini ili mji wa mimba ukaze. Kitovu tunakisubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kukibana, ili mtoto apate damu yake iliyobaki kwenye kondo, naye asianze maisha na upungufu.

Zamani tulikadiria damu kwa macho, tukitazama vitenge na sakafu, na macho hudanganya. Karibu kila mara tuliona kidogo kuliko kilichomwagika. Siku hizi baadhi ya vituo vina mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo unaotandikwa chini ya mama, na damu hukusanyika humo mbele ya macho yetu. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kupima kwa mfuko huo, na kutoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine, kulipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Matibabu yenyewe si ya ajabu: kusugua tumbo, oksitosini, dawa ya traneksamiki, maji ya mshipani, na kuchunguza damu inatoka wapi. Traneksamiki, ambayo huzuia damu iliyoganda isiyeyuke, hutolewa gramu 1 kabla ya saa tatu kupita tangu mama ajifungue, na kila robo saa inayopotea hupunguza faida yake kwa asilimia 10 hivi.

Ombi langu kwa akina mama ni kwamba mkijifungua, mkahisi maji ya moto yanatiririka chini, msione haya kuita. Nimekuta mama amelala kimya juu ya damu kwa kuogopa kusumbua wauguzi.

Binti wa Likoni:

Asalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na hii ni mimba yangu ya kwanza. Nimepimwa kundi la damu nikaambiwa ni A hasi. Daktari ametaja sindano ya bei kubwa. Je, nikihitaji kuongezewa pinti ya damu itapatikana, na hiyo sindano ni ya lazima?

Mpimadamu Mstaafu:

Waaleikum salaam, mwanangu. Hayo ni mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Sindano hiyo, iitwayo anti-D, si ya kukuongezea damu. Hasi maana yake chembe zako nyekundu hazina alama iitwayo Rh; aliye nayo ndiye chanya. Ikiwa mtoto atarithi alama chanya kutoka kwa baba yake, damu yake ikichanganyika na yako kidogo tu wakati wa kuzaa, mwili wako utajifunza kuishambulia. Huyu wa kwanza kwa kawaida husalimika. Anayeumia ni wa pili na wa tatu. Hiyo dawa hufuta somo hilo kabla halijakaa kichwani. Hutolewa katika wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ni chanya, na pia mimba ikiharibika. Mume wako apimwe kundi lake kwanza, kwa maana naye akiwa hasi, gharama hiyo haina sababu. Kama ni chanya, anzeni kuweka akiba sasa, kwa kuwa saa 72 ni chache kwa mtu anayeanza kuchangisha.

Kuhusu damu yenyewe, watu wa kundi hasi kwetu ni wachache, na katika jokofu langu kulikuwa na wiki nzima bila hata chupa moja. Iambie hospitali utakayojifungulia mapema, na watafute ndugu zako wa tumbo moja wapimwe, kwani huko ndiko kunakopatikana hasi mwingine kwa urahisi.

Mfuasi:

Imani yangu hainiruhusu kuongezewa damu ya mtu mwingine. Naomba nisijibiwe kwa mahubiri, bali kwa ushauri.

Mpimadamu Mstaafu:

Sitakuhubiria. Andika uamuzi wako mapema, usainiwe na uwekwe ndani ya kadi, ukisema wazi unachokataa na unachokubali, kwa sababu usiku wa leba jamaa zako hawatakuwa na sauti moja. Kisha, kwa kuwa umejifungia mlango mmoja, usiache mwingine wazi: pima wingi wa damu mapema, meza vidonge bila kukosa, na kama havipandishi, uliza kuhusu chuma cha mshipani, ambacho hutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo na hakina damu ya mtu ndani yake. Usijifungulie mahali pasipo na chumba cha upasuaji.

Shemeji Mkubwa:

Mzee, dada yangu aliongezewa damu baada ya upasuaji akaanza kutetemeka, muuguzi akasema ni baridi tu. Je, ni kweli? Na je, ni halali kudaiwa hela ya chupa?

Mpimadamu Mstaafu:

Kutetemeka ni sababu ya kufunga mrija kwanza na kuuliza baadaye. Inaweza kuwa homa ndogo isiyo na madhara, lakini pia inaweza kuwa damu isiyolingana, na dakika 15 za mwanzo ndizo zinazoonyesha. Maumivu ya mgongo au kifua, kuwashwa, kubanwa pumzi, homa na mkojo wa rangi ya kahawia ni dalili za hatari, na ndugu aliye kando ya kitanda ana haki ya kupiga kelele.

Watu hudhani kosa linaloua hutokea kwenye kipimo. Mara nyingi hutokea kwenye jina. Usiku mmoja nilitoa chupa mbili kwa wodi moja, zote za Mariamu, mmoja wa kundi O na mwingine wa kundi B, na baba zao, kwa bahati mbaya, waliitwa Juma wote wawili. Muuguzi alikuwa amekwisha kutundika chupa ya B juu ya Mariamu wa O, mkono uko kwenye kifungo, ndipo mwenzake akasoma namba ya jalada kwa sauti na ikakataa kulingana na ile ya kitandani. Tangu siku hiyo sikutoa chupa bila kumtaka anayeichukua anisomee jina, namba na kundi, hata kama analia. Nanyi ndugu mkiona watu wawili wanasomeana karatasi kabla ya kufungua mrija, msiseme wanachelewesha. Chupa yenyewe ikishatoka kwenye jokofu ianze kutumika ndani ya nusu saa na iishe ndani ya saa nne. Isipashwe kwa maji ya moto wala isianikwe juani.

Damu haiuzwi. Mnaweza kuombwa ndugu waje kuchangia ili kujaza jokofu, hilo ni jambo jingine. Anayekutajia bei ya chupa pembeni, mwombe risiti yenye mhuri.

Seremala wa Geita (baada ya wiki sita):

Shikamoo tena mzee. Mke wangu amefika wiki ya 33, na leo wingi wa damu umesoma 9.9. Chai amehamishia saa kumi jioni. Aliungama kuhusu vijiwe. Je, sasa aache vidonge viwili? Pia nataka kumchangia damu ikae tayari kwa ajili yake.

Mpimadamu Mstaafu:

Marahaba. Hiyo ni habari njema, lakini asiache. Aendelee mpaka kliniki wabadilishe dozi, na akishajifungua aendelee kwa miezi mitatu, kwa sababu damu ikijaa kwenye kipimo, ghala la mwilini bado ni tupu, na mtoto atakuwa ananyonya.

Kuchangia ni vizuri, ila elewa kwamba chupa haiwekwi jina la mkeo. Damu hukaa siku 35 tu, kwa hiyo ya leo itaisha muda mkeo akiwa na wiki ya 38. Itamfaa mwingine mwezi huu, na ya mtu mwingine itamfaa mkeo. Uwe na umri wa miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na uwe umekula. Nenda na mwingine, kwa maana mmoja huenda akarudishwa.

Seremala wa Geita:

Tumekwenda na mdogo wangu. Yeye ametoa, amepewa soda na biskuti. Mimi nimerudishwa; wamesema wanataka 12.5, na yangu imesoma 11.9. Mke wangu amecheka sana.

Mpimadamu Mstaafu:

Kwa mwanamume 11.9 ni ndogo, usiondoke na kicheko tu. Kesho peleka choo maabara wakatazame mayai ya safura, upimwe na malaria, na ukifika waeleze kama unafanya kazi pekupeku kwenye udongo wenye unyevu. Vidonge vya mkeo usivichukue.